Zamu ya Foibe Kwenye Chemba

Shikamoo zenu nimezipokea, wanangu. Mkuu wa chuo chenu aliponipigia simu aliniomba niandike maneno ya kuwatia moyo ninyi mnaoingia kazini, kwa kuwa mimi ni muuguzi mstaafu na nimeona mengi. Nilimjibu kwamba maneno ya kutia moyo yapo tele kwenye kalenda na kwenye vikombe vya zawadi. Mimi nitaandika yaliyotokea. Akacheka, akadhani natania.

Jina langu ni Zuhura. Nimezaliwa Kondoa, na nimefanya kazi Dodoma mjini tangu sijaolewa mpaka nimekuwa bibi. Nimepita wodi nyingi. Lakini hapa nitawaeleza miaka yangu ya mwisho katika hospitali moja ya binafsi ambayo sitaitaja, miaka ambayo mingi niliipitisha nikiwa nimekaa ndani ya chemba.

Kwa ambaye hajaiona, chemba ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, refu kama Hiace, lenye vidirisha vya mviringo na mlango mzito kama wa jokofu la buchani. Ndani mna viti vya wagonjwa wanne na kiti kimoja cha muuguzi. Mlango ukifungwa, fundi aliye nje anaingiza hewa mpaka mgandamizo unakuwa kama ule anaoupata mtu aliyezama chini sana majini. Tuliita kushuka, ingawa hakuna aliyetoka kwenye kiti chake. Mkishafika chini, wagonjwa wanavaa barakoa na kuvuta oksijeni tupu. Kwa mgandamizo ule, oksijeni inaingia kwenye damu kwa wingi ambao huwezi kuupata ukiwa umelala kitandani na mtungi pembeni. Zamani tiba hii ilikuwa ya wapiga mbizi waliopanda juu haraka mno, na ya vidonda vya kisukari vilivyogoma kufunga. Baada ya ule ugonjwa wa virusi kupita na kuondoka na watu, tukaanza kupokea waliobaki: watu waliopona, vipimo safi, lakini pumzi hazikurudi.

Aliyesimamia kitengo alikuwa Daktari Komba, kijana mpole mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza alitukusanya akasema, "Mgonjwa akikuuliza kama atapona, mwambie hatujui. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata, na wataalamu bado wanabishana. Anayetaka kuahidiwa aende kwa mganga." Nilimpenda papo hapo. Ukimpata daktari anayesema "hatujui" bila kuona haya, mshike.

Lakini aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Tobias, fundi wa chemba. Huyu alikuwa mtu wa Ukerewe, mpiga mbizi wa zamani, ambaye ujanani alizama kukagua milango ya maji kwenye mabwawa, Mtera likiwemo. Alikuwa na kifua kipana na masikio mabovu, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa kupiga kelele. Wagonjwa wapya walidhani anawagombeza.

Mzee Tobias alikuwa akinusa watu. Ndiyo, kunusa. Kila anayeingia alisimama mbele yake, naye anainama, ananusa kichwa, shingo, mikono. Penye oksijeni nyingi, mafuta yanashika moto kwa cheche ambayo hata hukuiona. Kwa hiyo hakuna mafuta ya nywele, hakuna losheni, hakuna udi wala manukato, na nguo ni za pamba tupu maana nailoni huzaa cheche. Mama mmoja mwenye heshima zake, mke wa mfanyabiashara, alikuja ametengenezwa nywele siku hiyo hiyo. Mzee Tobias akanusa, akapaza sauti korido nzima ikasikia, "Mama huyu akaoshwe!" Nusura tufukuzwe kazi wote wawili. Siku nyingine akamnusa mzee fulani, akanusa tena, akasema, "Hapana. Kuna kitu." Mzee anaapa kwa majina yote matukufu kwamba hana kitu. Nikampapasa mfukoni nikatoa maandazi mawili yamefungwa kwenye gazeti, yanachuruzika mafuta. "Hayo si kitu," mzee akasema, "hayo ni chai."

Niliyojifunza mengine nawapa bure. Mnaposhuka, joto linapanda na masikio yanaziba; mfundishe mgonjwa kubana pua na kupuliza taratibu kabla maumivu hayajaanza, si baada. Asiyeweza kuzibua masikio usimlazimishe, mwambie fundi asimame. Mwenye mafua arudi nyumbani. Ambaye picha ya kifua chake haijaonekana asiingie hata akilia. Mkiwa chini, usifunge chupa ya maji kwa nguvu, maana mkipanda itavimba kama chura. Mimi ilinilipukia kwenye mapaja, na wagonjwa walicheka mpaka wakaanza kukohoa, nikapata kazi ya kuwatuliza. Na mnapopanda, baridi inaingia na ukungu unajaa chemba nzima. Waambie mapema, la sivyo watadhani ni moshi, na hofu ya watu wanne ndani ya pipa si kitu cha kuchezea.

Halafu kuna macho. Tulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Kondoa kwetu, Mwalimu Issa. Baada ya kuingia chemba mara nyingi, asubuhi moja alikuja bila miwani, ameshika gazeti, anasoma maandishi madogo kwa sauti. Alikuwa akitokwa machozi. "Mwanangu Zuhura, nimefunguliwa macho!" Nikamweleza kwamba oksijeni hubadilisha lenzi ya jicho kwa muda, kwamba karibu ataona vizuri lakini mbali hataona, na ikishaisha tiba itarudi kama zamani. Hakutaka kusikia. Akarudi Kondoa na sifa zake, na huko, nikasimuliwa, alimwamkia punda wa jirani akidhani ni shemeji yake. Miezi michache baadaye akaomba miwani yake. Namkumbuka kwa furaha. Furaha za kazi ile ni chache, ndiyo maana nimeziandika mwanzo.

Sasa nije kwa Foibe.

Foibe tulianza naye kazi wasichana. Alikuwa Mgogo wa Gulwe, kule Mpwapwa kwenye reli, mrefu, mwenye mwendo wa haraka. Wodini tulikuwa tukimsikia kabla hatujamwona, kwa sababu alikuwa akiimba nyimbo za kwaya huku anatandika vitanda. Mimi Mwislamu, yeye Mwanglikana. Alinipikia futari na mimi nilimshonea sare ya kwaya. Aliniita Mama Salim, nami nilimwita Mama Danieli, kwa majina ya watoto wetu wa kwanza.

Ule ugonjwa ulipoingia, Foibe alikuwa wodi ya wanaume. Mnakumbuka, au mmeambiwa, kwamba wakati ule wengi hatukuutaja jina. Tulisema "changamoto ya upumuaji". Walikuja na changamoto, wakalazwa na changamoto, wakaondoka wamefunikwa shuka kwa changamoto. Kuna wauguzi waliojificha, siwalaumu. Foibe hakujificha. Aliwageuza wanaume wazito kifudifudi ili wapumue, akawashika mikono, akawapigia simu wake zao. Barakoa zilipokwisha alivaa ya kitambaa aliyoishona mwenyewe.

Kisha akaugua yeye. Akalala wodi ile ile, kitanda ambacho alikuwa amekitandika mwenyewe. Alipona. Tulimpigia makofi siku ya kutoka. Watu wanapenda kupiga makofi.

Aliporudi kazini ndipo tulipojua kwamba aliyerudi ni nusu. Kutoka getini mpaka wodini alipumzika mara kadhaa, ameshika ukuta, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Kuimba kukaisha. Kibaya zaidi, alianza kusahau. Aliniita pembeni siku moja, ameshika kichupa cha dawa ambayo amewapa wagonjwa maisha yake yote.

"Mama Salim, hii inaitwaje?"

Nikadhani utani. Nikamtazama usoni, nikamtajia jina la dawa. Akalirudia taratibu, kama mtoto wa chekechea, halafu akasema, "Usimwambie mtu."

Lakini hospitali ina macho. Wakampa mapumziko ya ugonjwa, na maneno yakaanza kwamba Foibe amezeeka, Foibe anadeka, mbona vipimo vyake havina kitu. Watu waliosema hivyo, wengine walikuwa wamejifungia majumbani wakati yeye anawageuza wale wanaume.

Daktari Komba ndiye aliyemwingiza kwenye chemba. Alimpangia mfululizo wa zamu, na kila baada ya chemba mazoezi: kutembea koridoni, kupanda ngazi za ghorofa moja na kushuka, na kupumua. Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wote: vuta kwa pua, toa kwa mdomo kama unapuliza uji wa moto. Wataalamu wa mazoezi wana jina lake la kitaalamu, lakini uji kila mtu anaujua.

Na nilijifunza kwake jambo ambalo halikuwa kichwani mwangu: kwa wagonjwa hawa, siku ya nafuu ndiyo ya kuogopa. Baada ya zamu za mwanzo Foibe aliamka akajisikia mwepesi, akafua mablanketi yote ya nyumba, akayaanika, akapika na ugali wa wageni. Akalala chini wiki nzima, hata kuinua kikombe hawezi. Alipokuja nilimgombeza. Akaniambia, "Mama Salim, nilikuwa nimejikumbuka." Baada ya hapo tulikubaliana kwamba akijisikia vizuri afanye nusu ya anachotaka, nusu nyingine aiache ikamwite kesho.

Je, chemba ilimsaidia? Nitawaambia nilichokiona na si zaidi. Taratibu, taratibu sana, alianza kufika kwenye chemba bila kushika ukuta. Majina yalianza kurudi. Siku moja tukiwa chini, wagonjwa wametolewa barakoa kwa mapumziko mafupi kama ilivyo desturi, alianza kuimba. Ndani ya chemba sauti hubadilika, inakuwa nyembamba kidogo, ya puani. Aliimba ubeti mmoja kwa sauti ile ya ajabu, akamaliza bila kukata pumzi. Mzee mmoja aliyekaa mbele yake akasema, "Aleluya," na Mzee Tobias akachungulia kwenye kidirisha kuona kumetokea nini. Daktari Komba alipoambiwa alitabasamu, kisha akasema, "Tusubiri amalize zamu zote. Hapo ndipo tutapima tena na kujua."

Hakuzimaliza.

Alikuja meneja mpya. Kijana nadhifu, mwenye adabu, aliyeniamkia kila asubuhi bila kukosa. Akaizunguka chemba akaipenda. Aliona kwamba chombo kama kile, katika mji wenye wakubwa wengi kama Dodoma, hakipaswi kukaliwa na wazee wanaokohoa. Akaweka pazia, akaleta viti vya ngozi tukamwambia haviruhusiwi, akavitoa. Wakaanza kuja wageni. Huyu amechoka na safari, huyu mchezaji mpira ana goti, huyu amesikia kwamba oksijeni inarudisha ngozi ya ujana. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye afya.

Mwanzoni waliingia baada ya wagonjwa. Kisha wakaingia kabla. Kisha, siku nyingi, wagonjwa wakaambiwa waje mchana, na mchana umeme ukikatika hapakuwa na zamu. Daktari Komba alikwenda kubishana ofisini mara mbili. Mara ya tatu hakurudi kwetu. Akapata kazi mkoa mwingine, akaaga kwa ujumbe wa simu. Simlaumu. Nimeandika "simlaumu" mara ngapi sasa? Ukifanya kazi muda mrefu unachoka kulaumu, lakini kile kitu chenyewe hakiondoki.

Siku ninayotaka mwijue ilikuwa asubuhi ya kawaida. Foibe alikuwa wa kwanza kufika. Wakati huo alikuwa amehamia kwao Gulwe kupunguza gharama za maisha, na kila safari ya hospitali ilimwia kazi nzito. Amekaa kwenye benchi na gauni lake la pamba, nywele hazina tone la mafuta, mikono mapajani. Mzee Tobias alikuwa ameshamnusa, kwa mazoea tu, akamwambia, "Wewe ni safi kuliko hata mashine."

Meneja akaja. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Zamu ya kwanza leo ni ya mgeni. Yuko njiani."

"Zamu ya kwanza ni ya Foibe na wenzake watatu. Umepanga mwenyewe."

"Najua, mama. Tuwaombe wavumilie."

"Mgeni anaumwa nini?"

"Amechoka. Ana vikao vingi."

"Amechoka," nikasema. "Na huyu?" Nikamwonyesha Foibe. "Unajua huyu ni nani? Huyu ndiye aliyekuwa wodi ya wanaume."

"Nimesikia, mama, na tunamshukuru sana." Akageuka kwa Foibe, akainamisha kichwa. "Tunakushukuru sana, mama."

Foibe akajibu, "Asante, mwanangu." Nadhani kama angetukana nisingeumia vile.

Mgeni akafika na watu wake. Mtu mnene mchangamfu, akatusalimia wote, akamuuliza Mzee Tobias kama ndani kuna mtandao wa simu. Meneja akaniashiria niingie. Chemba haishuki bila muuguzi ndani, hiyo ni sheria, na siku ile muuguzi alikuwa mimi. Nilikuwa nimevaa kandambili zangu za chemba. Nikazivua, nikaziweka mlangoni, nikarudi nyuma nikakaa kwenye benchi kando ya Foibe, miguu mitupu.

"Mama Zuhura?" meneja akasema.

"Siingii. Nitaingia na wagonjwa."

Yule mgeni akadhani kuna hitilafu ya mitambo, akasema hana haraka. Mzee Tobias alikuwa amesimama kwenye vali zake za kufungulia hewa. Nilimtazama. Wanangu, mtu huyu alikuwa amenifundisha kwamba fundi wa chemba ana haki ya kusema "haishuki" na hakuna mkubwa duniani anayeweza kumbishia, maana roho za waliomo ndani ziko mkononi mwake. Neno moja lingetosha. Aliinamia kioo cha kipimo, akakipangusa kwa kitambaa, akakipangusa tena.

Meneja hakupandisha sauti. Alitoka, akarudi na Janeth.

Janeth alikuwa muuguzi wa umri wenu. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kuzibua masikio, kuhesabu pumzi kwa kutazama mabega, kumshika mtu mwenye hofu bila kumbana. Aliniita mama, na sikuona tofauti yake na binti zangu. Alisimama mbele ya mlango, akaziona kandambili zangu, akajua kila kitu. Akaniangalia mara moja. Kisha akainamisha macho, akazivaa. Zilikuwa kubwa kwake.

Nikasema kwa sauti, "Janeth!"

Foibe akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Mwache, Mama Salim. Mwache mtoto wa watu. Ndiyo kwanza ameajiriwa."

Mlango ukafungwa. Nikasikia hewa ikianza kuingia, ule mlio ambao nilikuwa nimeuzoea kiasi cha kusinzia nao. Foibe akasikiliza pamoja nami mpaka ukatulia, maana yake wamefika chini. Akasema, "Sasa wanavaa barakoa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayefuatilia ibada kwenye redio.

Mchana umeme haukuwepo. Akaondoka kuwahi usafiri. Wiki ile ile wagonjwa wa mapafu wote wakaambiwa watulie nyumbani, wataitwa. Hakuna aliyeitwa.

Jioni nilimkuta Mzee Tobias anafunga kabati lake la vifaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema neno.

"Bi Zuhura," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupiga kelele, "mimi nina wajukuu watatu wananitegemea."

"Na Foibe ana mapafu mawili," nikasema, nikaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mtu aliyenifundisha kazi. Mwaka huo huo alirudi Ukerewe. Kama angali hai, basi ananisikia vibaya, kwa masikio yake yale, kutoka huko aliko, na sijui kama namsamehe. Siku nyingine naamka nimemsamehe, nikifika saa ya chai nimeghairi.

Mimi sikufukuzwa. Nilihamishiwa chumba cha kufunga vidonda mpaka nilipostaafu. Waliniandalia keki. Meneja alitoa hotuba, akasema mimi ni nguzo.

Wageni nao hawakudumu. Ilikuja mitindo mingine ya kupumzika, yenye maua na muziki, wakaifuata. Ule mpira mkubwa wa mlango wa chemba ukakauka na kupasuka kwa hili joto na vumbi letu, na hakuna aliyeagiza mwingine. Nilipokwenda hivi karibuni kupima presha nilichungulia kwenye kidirisha. Ndani waliweka ndoo, fagio na mti wa Krismasi wa plastiki uliokunjwa. Nilisimama pale nikawaza: hawakuhitaji hata kidogo kumwondoa Foibe. Nafasi ilikuwepo. Muda ulikuwepo. Angemaliza zamu zake, na wageni wangepata ngozi zao, na chombo kingekufa siku ile ile ambayo kingekufa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ubaya wenyewe. Lilifanyika bila sababu.

Janeth alikuja nyumbani sikukuu ya Idi, na keki ya duka na mtoto mgongoni. Alikaa mkekani. Nikampa pilau. Akaligeuzageuza kwenye sahani, akasema, "Mama, siku ile ningefanyaje?"

Ningeweza kumjibu vizuri. Ningemwambia ningefanya kama yeye, kama ningekuwa na umri wake na mtoto anakuja. Pengine ni kweli. Nilimwambia, "Kula, pilau linapoa." Akala. Hajarudi tena, na nyumbani wananiambia nimekuwa mkali. Ni kweli nimekuwa mkali. Kwa hiyo ninyi mnaosoma haya msinifanye mfano wa kitu chochote. Siku yenu ikifika, na itafika, hakutakuwa na tarumbeta. Kutakuwa na mtu mwenye adabu anayewaamkia, na kazi ndogo anayowaomba, na mgonjwa kwenye benchi atakayewaambia hakuna neno. Siwaahidi kwamba mkikataa mtashinda. Mimi nilikataa, na chemba ilishuka.

Nilikwenda Gulwe kumwona Foibe mwaka jana, baada ya mvua. Nilishuka kwenye treni, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Alikuwa amekaa kibarazani anachambua karanga. Aliniona kutoka mbali, akaanza kucheka kabla sijafika.

"Mbukwa, Mama Salim!"

"Mbukwa," nikajibu, kwa Kigogo changu kibovu kilichomchekesha siku zote.

Amekonda. Anazungumza sentensi fupi, anapumzika, anaendelea. Danieli anamsaidia kazi za nyumba. Hakuacha kazi mwenyewe. Walimwambia hawezi tena, na aliniambia kwamba daktari mmoja kijana, si Komba, aliyempima wakati wa kumwachisha kazi alimuuliza aliugua nini, naye akasema changamoto ya upumuaji, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Kijana akamuuliza, "Maana yake pumu?" Foibe akachoka kueleza, akasema ndiyo.

Nilimuuliza kile ambacho kilikuwa kimenikaa moyoni. "Mama Danieli, unadhani kama ungemaliza?"

Akachambua karanga kadhaa. "Sijui," akasema. "Ule ubeti niliimba, lakini. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Basi sijaota."

Tukala. Tukawasema watu wa zamani, tukacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo, akapuliza uji wake wa moto mpaka pumzi ikatulia. Muda wa treni ukakaribia, nikaaga. Akaanza kuinuka. Nikamwambia akae. Akanitazama kwa ukali wa zamani, ule wa wodini.

"Mgeni haondoki kwangu peke yake. Sijafika huko."

Akachukua khanga, akaiweka begani, akashuka kibarazani ameshika mkono wangu. Tulivuka ua wa nyumba, ambao ni mdogo tu, kuku wanatupisha. Tukafika kwenye miiba ya uzio, pale penye uwazi wa kutokea. Akasimama. Akashika mti wa uzio kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Nikasubiri.

Alipopata pumzi ya kutosha akasema, "Haya. Nimekusindikiza."

"Umenisindikiza, Mama Danieli. Asante sana."

Nikaanza kwenda. Barabara ile imenyooka, mtu anaonekana mpaka mbali. Nilitembea polepole kuliko miguu yangu inavyotaka, na sikugeuka, ili asinione nikimwona amekaa chini.